Mikrografu ya Kulabu

Ripoti ilisomwa mezani saa nne asubuhi, chai ikiwa haijaguswa. Msomaji alikuwa binti, fundi cherehani, aliyezoea kusoma vipimo vya watu kwa sauti. Msikilizaji alikuwa baba yake, Mzee Msasa. Mkono mmoja aliuweka juu ya meza, mwingine gotini.

"'Kulabu ya winchi ilikatika wakati wa kupandisha kikapu cha mashuka,'" binti alisoma. "'Kikapu kilimwangukia marehemu. Mikrografu ya kulabu, Picha Namba Tatu, haikuonyesha kasoro yoyote katika chuma. Kwa hiyo chanzo cha ajali ni marehemu mwenyewe kupakia mzigo kupita kiasi.'"

Binti alishusha kidole kwenye karatasi.

"Kuna maneno mengine huku chini. Familia isipopinga ndani ya siku thelathini, ripoti inafungwa na haifunguliwi tena."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Siku zote hizo ilikuwa wapi?"

"Watu wa ukaguzi waliipeleka kule kazini kwa mama. Meneja akaitia kwenye droo. Jana ndiyo wakakumbuka kunipa."

Ngumi ilitua mezani. Kikombe kikapinduka, chai ikatiririka mpaka sakafuni na hakuna aliyeinuka kuifuta.

"Mama yako, kupakia kupita kiasi!" Mzee alisema. "Mama yako!"

Hasira yake ilikuwa na sababu. Mkewe alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, upande wa majimaji, miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kutoa mashuka mabichi kwenye mashine, kuyapanga kwenye kikapu cha chuma, kukitundika kwenye kulabu na kukipandisha kwenda kwenye vikaushio. Sheria ilisema mashuka thelathini. Yeye alitia thelathini. La thelathini na moja alilirudisha, hata kama lilikuwa peke yake, hata kama wenzake walisonya. Walimwita Mizani. Mwanzoni kwa kumsema, halafu likawa jina. Nyumbani alikuwa vilevile: sabuni aliikata vipande sawasawa kwa uzi, na mumewe akiomba kijiko cha tatu cha sukari alimwambia, "Cha tatu kachukue kwa mke mwingine."

Sasa mwezi wa tatu yuko chini ya udongo, na juu ya udongo wamempandia uongo.

"Soma tena pale penye lile neno," Mzee alisema.

"Neno gani, baba?"

"Hilo linalomfunga mama yako."

"Mikrografu."

"Ndiyo nini?"

Binti aligeuza karatasi kama mtu anayetafuta pindo. "Sijui. Nadhani ni zile grafu za shuleni, mistari inapanda, inashuka."

"Mistari imepanda ikashuka, ikasema mama yako kajiua mwenyewe." Mzee alisimama. "Lete viatu."

*

Mzee Msasa hakukaa darasani hata siku moja. Baba yake alikuwa na watoto wengi na ada chache, na yeye alikuwa wa kwanza, basi akatangulizwa kazini. Mwisho wa kutangatanga alifika kwenye kiwanda cha kuyeyusha na kusubu vyuma, akapewa kiti cha mbao katika chumba cha vipimo, mbele ya bomba la maji. Alikaa hapo miaka ishirini na minane, mpaka akastaafu.

Kazi ilikuwa moja. Alipewa kipande cha chuma, upana wake kama kifuniko cha soda. Akakisugua kwa msasa chini ya maji, kwanza mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, misasa mitano. Kila akibadilisha msasa alikigeuza kipande robo duara, ili mikwaruzo mipya ikate ya zamani. Mikwaruzo ya zamani ikishafutika, ndipo alipohamia msasa unaofuata. Mwisho aliking'arisha kwa kitambaa na unga mweupe mpaka akaona meno yake. Hapo alikipitisha kwenye kidirisha, mkono wa upande wa pili ukakipokea. Kwenye kidirisha kulikuwa na pazia. Kilichofanyika nyuma ya pazia hakikumhusu.

Mkono ule ulikuwa wa Bwana Miwani, mkuu wa chumba, aliyekuwa bado hajastaafu. Siku hiyo ya ripoti alimwona mzee mlangoni akafurahi.

"Msasa! Umekuja kutudai mikono yako?"

"Nimekuja kuuliza neno."

"Karibu kiti. Pole tena na msiba, mzee wangu. Neno gani?"

"Mikrografu."

Bwana Miwani alicheka. Alidhani ni utani. "Wewe ndiye unaniuliza mimi? Si ndiyo kazi iliyokuzeesha humu?"

"Mimi nilisugua vipande."

"Na mimi nikaviweka chini ya hadubini, nikavipiga picha. Picha hiyo ndiyo mikrografu. Ni picha ya kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho tupu, ikishakuzwa. Wa hospitali wanayo ya damu, sisi tunayo ya chuma. Si mistari ya kupanda na kushuka. Ni sura ya chuma kwa ndani: chembe zake, uchafu wake, nyufa zake."



"Miaka ishirini na minane hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Ningeuliza vipi nisichojua kama kipo? Mlinipa vumbi na maji ya baridi, utamu mkala wenyewe nyuma ya pazia! Nimepika miaka yote hiyo, sijui hata jina la chakula!"

Waliokuwa kwenye meza nyingine waliinamisha vichwa. Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akainuka, akamshika mzee bega, akamkalisha mbele ya hadubini.

"Tazama."

Mzee aliweka jicho. Mwanzoni aliona kope zake. Halafu akaona ardhi. Ilikuwa ardhi iliyopasuka pasuka kama tope lililokaukiwa na jua, vipande vyeupe na vyeusi vimeshikana kila kimoja na mpaka wake.

"Hiki ni nini?"

"Chuma. Cha kawaida kabisa. Kila kipande ulichonipa kilikuwa na nchi kama hiyo ndani yake."

Hasira ilimpanda upya, maana kilikuwa kizuri. Alijitoa kwenye hadubini, akachomoa ripoti mfukoni, akaibamiza mezani. "Na hii je?"

Picha Namba Tatu ilikuwa duara jeupe. Hapana ardhi, hapana mipaka. Vidoa vichache tu vyeusi, na kila kidoa kilikuwa na kijimkia.

Bwana Miwani alivuta pumzi. Kabla hajasema, mzee aliweka kidole.

"Aliyesugua hiki ni mvivu. Tazama mikia. Yote imelala upande mmoja. Hakugeuza kipande hata mara moja, alisukuma tu kama anayepiga deki."

"Umeona."

"Mwezi wangu wa kwanza nilifanya hivihivi. Ulinirushia kipande kifuani."

"Kilikupata?"

"Alama ninayo."

"Basi kuna la pili," alisema Bwana Miwani. "Hakikupitishwa kwenye tindikali. Tindikali ndiyo inayokiamsha chuma, chembe zikaonekana. Kuna picha za bila tindikali, nazo zina kazi yake, kutafuta uchafu na nyufa. Lakini ukikandamiza upande mmoja, chuma kinajipaka chenyewe, kama udongo ukutani. Kinaziba nyufa. Halafu unapiga picha ya upako, unasema ukuta ni mzima. Halafu soma hapa chini. Imekuzwa mara ngapi? Hawakuandika. Kipande kimetolewa sehemu gani ya kulabu? Hawakuandika. Mikrografu isiyo na maneno hayo ni picha ya pasipoti isiyo na jina, unaweza kumbandika yeyote."

"Kwa hiyo ufa upo."

"Sikusema upo."

"Hakuna ufa, basi."

"Hata hilo siwezi kusema. Ninachosema, picha hii haijui."

"Liandike hilo," alisema Mzee. "Kwamba haijui. Uweke na muhuri."

*

Ofisi ya ukaguzi wa viwanda ilikuwa na benchi moja na watu wa mabenchi matatu. Mzee hakukaa. Alipoitwa aliingia na binti yake. Mkaguzi, bwana mwenye tai fupi na meza kubwa, aliisoma barua ya Bwana Miwani nusu, akaiweka kando.

"Mzee wangu, pole sana. Lakini haya mambo ni ya kitaalamu."

"Mikrografu ni nini?"

"Sijui nikuelezeje ukaelewa."

"Nieleze hivyohivyo, nitajikaza."

"Ni... kipimo. Kipimo cha nguvu ya chuma."

"Si kipimo. Ni picha." Mzee hakupaza sauti, lakini mlango ulikuwa wazi, na benchi zima lilinyamaza. "Umeshika neno usilolijua, ukampiga nalo mke wangu aliyelala."

"Baba," binti alinong'ona.

"Usiniguse."

Mkaguzi alinyoosha tai. "Kwani mzee umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Sikusoma. Ndiyo maana siweki dole gumba kwenye kitu nisichokielewa. Wewe uliyesoma umeweka sahihi."

Nje mtu aliguna, "Mh! Leo mpini umekutana na shoka lake." Mwingine akamwambia anyamaze asikie.

Mkaguzi aliinuka akafunga mlango. Aliporudi aliisoma barua yote, mara hii na muhuri wake. Alisema kipimo kilishafanyika. Mzee akasema hakikufanyika. Mkaguzi akasema ofisi ina kazi nyingi. Mzee akasema yeye hana hata moja, mke hana, kazi hana, kwa hiyo angekaa hapo sakafuni mpaka siku ya thelathini iishe, na wamruke wakitaka kupita. Akaanza kweli kukunja magoti. Binti hakumzuia. Alitandika kanga yake chini ili baba asikae kwenye vumbi.

Hilo ndilo lililomshinda mkaguzi.

"Kesho asubuhi," alisema. "Kipande kilekile, kisuguliwe upya. Lakini wewe ni mhusika, mzee. Hutagusa kitu. Utasimama nyuma, mikono mgongoni."

*

Chumba cha vipimo cha ofisi kilikuwa kidogo, na bomba lake lilikuwa likidondoka. Bwana Miwani alikuja kama shahidi. Mkaguzi alisimama mlangoni. Binti alikalia ndoo iliyofudikizwa. Kwenye bomba alisimama fundi wa ofisi, yuleyule aliyesugua mara ya kwanza, mtu wa miaka arobaini hivi, shingo imekakamaa kama wa kuchinjwa.

Alikitoa kipande kwenye mfuko. Mzee alikiona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kidogo sana. Ndicho kilichokuwa juu ya kichwa cha mkewe.

Fundi alianza. Mzee alisimama hatua mbili nyuma yake, vidole vimefungana mgongoni. Dakika zilipita.

"Geuza," alisema Mzee.

Fundi aliendelea.

"Geuza, nimesema. Robo."

"Mzee, unanifundisha kazi yangu?"

"Mara ya kwanza hakukufundisha mtu. Ndiyo maana leo tupo hapa."

Fundi aligeuza kipande. Akasugua. Akakandamiza.

"Unasugua au unakanda unga? Legeza mkono. Maji. Ongeza maji. Sasa tazama, ya zamani imeisha? Haijaisha. Usibadilishe msasa."

"Inatosha hii."

"Itatosha nikisema mimi!"

"Wewe mzee ni mhusika," alisema mkaguzi, "hutakiwi..."

"Nimekatazwa mikono. Mdomo hukuutaja."

Binti alificha uso kwenye viganja, na mabega yakamtikisika. Ilikuwa vigumu kujua kama analia au anacheka.

Hapakuwa na mzaha tena kuanzia msasa wa tatu. Vidole vya Mzee vilikuwa vikisuguana vyenyewe mgongoni, vinafanya kazi isiyokuwepo. Kuona mtu mwingine amekishika chuma kile kilimkereketa kama mchanga jichoni. Lakini fundi alikuwa ameanza kugeuza bila kuambiwa. Maji yalipita. Mkono ukawa mwepesi.

"Walinipa nusu saa tu mara ile," fundi alisema polepole, bila kugeuka, ili mkaguzi asisikie. "Walitaka picha ya kubandika. Hawakutaka jibu."

"Nusu saa yako imemlalia mke wangu miezi mitatu."

"Nisamehe."

"Sugua."

Ilipita asubuhi nzima. Ulipofika wakati wa kitambaa, fundi alikiinua kipande akamwonyesha mzee, kama mwanafunzi anayepeleka daftari. Mzee aliinama bila kugusa. Aliona meno yake, manne yaliyobaki mbele.

"Haya. Kipe tindikali."

Fundi alidondosha matone. Uso uliokuwa ukimeta ulififia taratibu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Bwana Miwani alihesabu kwa midomo. "Tosha," alisema. Kipande kikaoshwa kwa spiriti, kikakaushwa, kikaenda chini ya hadubini.

Fundi alitazama kwanza. Alitazama, akazungusha kitufe, akatazama. Kisha akasogea kando.

Mkaguzi akaweka jicho. "Huu mstari mweusi wenye matawi ni nini?"

"Ufa," alisema fundi.

"Si umetokea siku ya ajali, kulabu ilipokatika?"

Bwana Miwani alimsogeza kwa kiwiko, akatazama na yeye. "Ndani ya ufa umeona nini? Kijivu. Hiyo ni kutu. Ufa wa siku ile ungekuwa safi, maana kulabu imekaa kwenye mfuko mkavu tangu hapo. Huu umekuwa ukinywa mvuke wa mashine miezi na miezi. Kulabu ilianza kufa zamani. Siku ile ilimaliza tu."

"Nipisheni," alisema Mzee.

"Mhusika haruhusiwi..."

"Jicho si mkono."

Walimpisha. Aliona ile nchi ya tope lililokauka. Katikati yake ulipita mto mweusi, umeingia kutoka ukingoni, unakata shamba baada ya shamba, umejaa kijivu. Alikaa hapo mpaka shingo ikamuuma. Alipoinuka macho yalikuwa makavu na mekundu.

"Piga picha. Uandike mara ngapi, uandike wapi, uandike tindikali gani."

*

Mkaguzi aliandika ukurasa mpya mezani kwake, akampa binti asome. "'Mikrografu ya pili, Picha Namba Nne, kipande cha tumbo la kulabu karibu na palipokatika, imekuzwa mara mia mbili, imeoshwa kwa tindikali ya naitriki katika spiriti. Imeonyesha ufa wa zamani wenye kutu. Chanzo cha ajali kinaweza kuwa zaidi ya kimoja.'"

"Na lile la mama yako?"

Binti aligeuza kurasa. "Bado lipo, baba. Ukurasa wa pili. Marehemu kupakia kupita kiasi."

"Lifute," Mzee alimwambia mkaguzi.

"Huwa hatufuti, mzee. Tunaongeza. Yale yanabaki kama maoni ya awali."

"Hukuona kitu, ukaandika. Sasa umeona, kufuta kunakushinda?"

"Ni utaratibu."

"Katika utaratibu wako, nani aliyahesabu mashuka siku ile? Mtaje."

Mkaguzi alipekua jalada mbele, akapekua nyuma. Hapakuwa na jina.

"Yalihesabiwa," alisema binti. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Niliwauliza wenzake. Waliyahesabu wakiyatoa juu yake. Yalikuwa thelathini."

Mkaguzi alichukua rula. Aliiweka chini ya ule mstari wa ukurasa wa pili, akaukata kwa kalamu nyekundu, mara mbili, akaweka sahihi pembeni. Kwenye ukurasa mpya alifuta maneno ya mwisho, akaandika mengine.

"'Chanzo cha ajali ni ufa wa zamani katika kulabu ambayo mwajiri hakuikagua. Marehemu hakuwa na kosa,'" alisoma.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Soma na lile ulilokata, nisikie umelikata."

"Mzee..."

"Soma."

Alisoma lile pia, na kila neno akaweka ncha ya kalamu kwenye wino mwekundu. Alipomaliza alimpa mkono. "Pole sana, mzee wangu."

"Hiyo pole ungekuja nayo kabla ya ile ripoti ya kwanza," alisema Mzee, na mkono hakuupokea. Aliweka dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi, akatoka.

Nje jua lilikuwa kali. Binti alikunja nakala ya ripoti, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu mpaka mwisho. Walitembea hadi kwenye kona.

"Tumeshinda, baba," alisema. "Mbona bado umekunja uso?"

Mzee alisimama. Magari yalipita mbele yao.

"Mama yako aliniambia," alisema. "Kabla ya mvua. Alisema, baba watoto, ile kulabu inalia nikipandisha kikapu. Mimi nimekaa na vyuma umri wangu wote. Nikamwambia, chuma chochote kinalia, kipake mafuta."

Binti alimgeukia.

"Akakipaka," alisema Mzee. "Si unamjua. Ukimwambia kitu, alifanya."

Barabara ilipata nafasi ya kuvuka. Binti alimshika mkono kwa nguvu, na hata walipofika ng'ambo hakumwachia.